Mwaka wa Kusogeza Viti

Idi alinipigia simu nikiwa jikoni narekodi. Siku hizi jukwaa langu ni jiko: naegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, nashika mwiko, nasema maneno ya dakika moja, na watu walioko Nanyuki na walioko Dubai wanacheka bila mimi kumwona hata mmoja. Sipokei simu nikirekodi, na Idi anajua hivyo, kwa hiyo alipopiga mara ya pili nilijua kuna jambo. "Toni," akasema, maana Muthoni kwake ni refu, kwa kile Kiswahili chake cha mtaa wa Majengo kisichoteleza hata herufi moja, "Baba Wahu ametangulia. Wanamzika Ijumaa, Wamagana. Nduguye anaomba uje useme maneno mawili." Nikamwuliza Baba Wahu yupi, ingawa nilishajua. "Baba Wahu wa ukutani," akasema. Nikazima gesi, nikaketi kwenye ndoo ya unga kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na mwaka ule wote ukanirudia, kuanzia harufu ya chumba.

Kilikuwa chumba kimoja cha mbao pale Skuta, mtaa wa Nyeri, katika ploti ya Mama Wahu, na kilinuka mafuta ya taa na viazi. Viazi havikuwa vyangu. Mama Wahu aliviuza kwa jumla sokoni, na magunia yaliyokosa nafasi kwake yalilala kwangu, nami sikuthubutu kusema kitu kwa sababu nilikuwa mpangaji na yeye ndiye mwenye nyumba. Kitanda changu kiligusa ukuta uliobandikwa magazeti, na upande wa pili wa ukuta huo ndiko walikoishi yeye na mumewe. Alikuwa mwanamke wa mikono mizito na sauti ya kuita watu ng'ambo ya soko, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani, na lazima niseme ukweli: alinilisha. Kila Jumapili kabla sijatoka kwenda kuchekesha watu aliniletea sahani ya mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa na majani ya maboga, na kipande cha nyama juu. "Kura, mwari," aliniambia, yaani binti. "Ukichekesha watu na njaa, utawatukana." Kwetu huku kula na kura hutamkwa sawa, na wanasiasa wetu wameyachukua maneno hayo hivyohivyo. Baba Wahu yeye alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuwa akipima kahawa kwenye kiwanda kimoja karibu na Gakindu mpaka wakamwondoa, na tangu hapo kazi yake ikawa kufagia ploti, kufungua geti na kusikiliza redio yake ndogo ya betri. Alinisalimia kila asubuhi kana kwamba nimetoka safari.

Kuchekesha wakati huo hakukuwa kazi ambayo ungemwambia mtu akakuelewa. Ulikuwa unaanzia kwenye baa zenye bucha, Jumapili mchana, watu wakiwa wanasubiri nyama ikauke motoni. Idi ndiye aliyekuwa mwenyeji wa jukwaa. Alisimama kando ya kaunta ya mchinjaji, kofia yake nyeupe kichwani, soda mkononi, akawatania walevi kwa lugha safi hivi kwamba walimshukuru. Siku yangu ya kwanza aliponipa maikrofoni nilisahau kila kitu. Nilisema, "Naitwa Muthoni, mimi ni wa Nyeri," kisha nikanyamaza, si kwa ufundi, ni kwa woga tu, maneno yaliyofuata yalikuwa yamekimbia. Mwanamume mmoja wa mbele, mfupa mkononi, akanitazama, akasogeza kiti chake nyuma. Baa nzima ikaanguka kwa kicheko. Maana Kenya hii ukisema wewe ni mwanamke wa Nyeri, mtu haulizi unalima nini wala unasali wapi. Anauliza mumeo bado ana meno mangapi. Basi tukaishika hiyo. Jina langu, Nyeri, kimya, viti nyuma. Halafu nilileta hadithi ya mzee mmoja anayefukuzwa na mkewe kwa mwiko kuzunguka nyumba, anaita jina la chifu, na chifu naye amejificha kwake kwa sababu hiyohiyo. Tuliipeleka Karatina, tukaipeleka Nanyuki, tukazunguka mlima mpaka Embu na Chuka, na kule Chuka wakulima wa watu walicheka mpaka wakalia, kwa kuwa aliyekuwa anapigwa alikuwa jirani, si wao. Ikafika mahali wanaume wanasogeza viti kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Nilikuwa na kitu ambacho watu walikijua kuwa ni changu.

Nikirudi Skuta nilikuta ukuta. Haikuwa kelele, watu hudhani mambo hayo yana kelele. Ilikuwa saa ya chakula cha jioni, unasikia vijiko, unasikia Mama Wahu akiongea kwa sauti ya kawaida juu ya bei ya gunia, halafu sufuria inaanguka, halafu sauti ya redio inapanda. Ndivyo nilivyojifunza. Redio ya Baba Wahu ilikuwa chini siku zote, ila ikipanda ghafla mpaka mtangazaji anakwaruza, ujue. Nilikuwa nakaa kitandani na sahani yangu mapajani, nahesabu pumzi kusubiri ishuke. Ikishuka nilimsikia akikohoa mara moja, kisha Mama Wahu akimwuliza kama ameongeza chumvi. Asubuhi alikuwa getini na fagio na alama juu ya jicho. "Mlango," alisema kabla sijamwuliza. Na mimi, hodari wa maneno, nilisema, "Pole, Baba Wahu," nikapita.

Siku moja tulikutana bombani tunateka maji. Alikuwa amejaza ndoo yake na hakuwa na haraka ya kuibeba. "Nasikia unachekesha watu," akasema. "Huwa unawaambia nini?"

"Mambo ya hapahapa tu, Baba Wahu. Ya Nyeri."

"Ya wanaume wa Nyeri?"

Nikaona aibu ikinipanda shingoni. "Hayo pia."

"Na wanacheka?"

"Sana."

Akafikiri, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mzani uko sawa. "Basi ni mzuri," akasema. "Watu wakicheka hawaurizi." Akabeba ndoo yake akaenda. Nilisimama pale na bomba likifurika miguuni mwangu. Mpaka leo sijui kama alinipa ruhusa au alinipiga kofi.

Nusu ya pili ya mwaka ndipo Sandra alipokuja. Alikuwa prodyuza wa kipindi cha vichekesho cha runinga, kutoka Nairobi, na kipindi chao kilikuwa kimeanza kuzunguka miji kurekodi kwa sababu watu wa mjini walikuwa wamechoka kucheka nyuso zilezile. Wakati ule njia ilikuwa moja: utoke baa, runinga ikuone, uitwe Nairobi, ukose kulala njaa. Wengine walikuwa wameanza kujirekodi kwa simu na kujirusha mtandaoni, nasi tuliwaona ni watu waliokosa pa kwenda. Idi peke yake ndiye aliyekuwa akisema, "Toni, hii simu itawala wote," huku akiinua kile kisimu chake chenye kioo kilichopasuka. Sandra alinikuta nikila chipsi nyuma ya bucha. "Nimeona watu wakipush viti," akasema. "Hiyo ni dhahabu. Nataka hiyo, na ya mwiko, na ya chifu. Dakika tano. Usiniletee ingine. Ukifanya vile ulifanya leo, wewe ni wangu, unakuja Nairobi January." Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Nilitaka kutoka kwenye chumba kile cha viazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Wiki ya kurekodi, siku ya Jumatano, nilikuwa chumbani mchana najipima mbele ya kioo na Idi ameketi juu ya gunia akinisahihisha. Sufuria ikaanguka. Redio ikapanda, ikasoma habari za mchana kwa kishindo. Idi akanitazama, hakuwa amewahi kuisikia. Nikaweka kidole mdomoni, sijui kwa nini, kana kwamba ni sisi tuliokuwa na hatia. Tukasikia mlango wao, tukasikia Mama Wahu akitoka kurudi sokoni, akimsalimia mtu njiani kwa furaha. Baada ya muda kukabishwa hodi kwangu. Baba Wahu alikuwa amesimama, mkono ameufunga kwa taulo ya vyombo. "Mwari, uko na mafuta ya kupaka?" akauliza. Nilipoifungua ile taulo Idi alisema jina la Mungu. Ngozi ilikuwa imetoka kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko.

Tulimpeleka hospitali. Kwenye dirisha la kuandikisha kulikuwa na karani kijana na benchi refu la wagonjwa. "Umeumia aje, mzee?" "Ni maji ya ugari. Nirijimwagia." Karani akautazama mkono, akamtazama usoni. Niliona kitu kikipita machoni mwake, nikasema moyoni, sasa atauliza, Mungu wangu, huyu atauliza. "Unatoka wapi?" "Skuta." Karani akafungua mdomo. Kisha akatabasamu, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akajisukuma na kiti chake cha ofisi chenye magurudumu mpaka kikagonga kabati nyuma.

Benchi zima likacheka. Mama mwenye mtoto mgongoni alicheka, mzee aliyekuwa akitetemeka kwa homa alicheka. Hawakujua kwamba kitu kile ni changu, kwamba mwenyewe nimesimama pale na taulo mkononi. Na Baba Wahu alicheka pia, alicheka vizuri, kwa wakati wake hasa, kama mtu aliyefanya mazoezi. Karani akarudi na kiti, akaandika ajali ya jikoni, akaita anayefuata. Tulipokuwa tunatoka, mkono wake umefungwa bendeji nyeupe, aliniambia kwa upole, kunituliza mimi, "Si nirikwambia? Hawaurizi."

Jumamosi mchana ukumbi wa hoteli ulijaa. Ili kamera zisikute viti vitupu, watu wa Sandra walikuwa wamegawa nafasi kwa vikundi vya mtaani na makanisa, na nilipochungulia kupitia pazia nilimwona Mama Wahu katika safu ya mbele na kikundi chake, wamevaa leso zinazofanana, na kando yake Baba Wahu, koti zuri, mkono mmoja wa koti umening'inia mtupu, bendeji ikiwa kifuani. "Toni, usimtazame," Idi akaninong'oneza. "Fanya ile tu. Dakika tano tuondoke Nyeri. Mimi pia nataka kuondoka, unasikia?" Sauti yake ilikuwa ya kuomba, na nilimpenda, na nilitamani anyamaze. Nilisikia jina langu likiitwa. Nikatembea mpaka kwenye mwanga, nikasema, "Naitwa Muthoni, mimi ni wa Nyeri."

Kama kawaida nikanyamaza. Kama kawaida wanaume wakasogea. Viti vya hoteli ni vizito, vilikwaruza sakafu ukumbi mzima, safu baada ya safu, na vicheko vikapanda juu yake. Lakini mtu mmoja hakusogeza chake. Hakuweza, alikuwa na mkono mmoja tu mzima, na hata angeweza sidhani angesogea. Basi wote waliporudi nyuma, Baba Wahu alibaki mbele, peke yake kati ya leso za akina mama, kofia mkononi, akinitazama akisubiri nimfukuze na mwiko. Mama Wahu alikuwa akicheka kuliko wote. Nilikuwa na hadithi nzima mdomoni, ningeisema hata usingizini, na Nairobi ilikuwa upande wa pili wa hadithi hiyo.

"Nyinyi mliosogea," nikasema, "mnaogopa nini?" Wakacheka. "Hapana, nauliza. Mnaogopa nini?" Mmoja akapiga kelele, "Mwiko!" wakacheka tena. Nikasubiri waishe. Nikainua macho yangu kwenye taa za juu, nikayagandisha huko, maana nilijua nikimtazama mtu yeyote mle ndani nitamuuza. "Mwaka mzima nimewaletea hadithi ya yule mzee. Nimeileta Karatina, nimeileta Nanyuki, nimeileta Chuka. Mmecheka, asanteni. Lakini niambieni, kuna mtu hata mmoja amewahi kuniuliza, Muthoni, huyo mzee wa hadithi yako alienda wapi baadaye? Alikula? Alilala wapi?" Hakuna aliyecheka. Unaweza kuwa umesimama mbele ya watu wengi na ukasikia taa zinavyonguruma. "Hakuna," nikasema. "Na mimi sikumwuliza." Nilikuwa bado na dakika zangu karibu zote, na sikuwa na kitu kingine. Nilisimama pale nikitokwa na jasho mpaka niliposhindwa, nikarudisha maikrofoni kwenye nguzo yake nikatoka.

Sandra alinikuta nyuma ya pazia, uso umekunjika. "Nilikuambia usiniletee ingine. Hiyo ni comedy ama mahubiri?" Nikamwambia sijui. Kipindi kilipotoka sikuwemo. Hata pale watu walipokuwa wakisogeza viti walipaondoa wakaweka mtu mwingine. Idi yeye alikuwa amenirekodi kwa kile kisimu chake kutoka kando. Alinionyesha tukiwa tumeketi ngazini nje ya jikoni la hoteli, wapishi wakitupita na masinia ya wali. "Hii, Toni, nikiirusha leo, kesho nchi nzima inaijua. Wacha runinga. Hii ni kubwa kuliko runinga." Alisema kweli, naijua biashara hii sasa, alisema kweli kabisa. Lakini kwenye picha, chini ya miguu yangu, alionekana mtu mmoja mwenye bendeji ambaye kiti chake hakikusogea, na mke wake anayeacha kucheka. "Ifute," nikasema. Akanitukana, mara yangu ya kwanza kumsikia akitukana. Kisha akaifuta mbele yangu, akaondoka bila kuaga, na hatukuongea tena mpaka mwaka uliofuata.

Jumapili haikuja sahani ya mukimo. Alikuja Mama Wahu mwenyewe, akasimama mlangoni, mikono yake imening'inia, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtu aliyechoka. "Mwezi ikiisha utafute nyumba," akasema. "Pare juu uriniangaria." Nilimwambia sikumwangalia, na ni kweli, niliziangalia taa mpaka macho yakaniuma. "Uriniangaria," akarudia, taratibu, na akaenda zake.

Jumatatu asubuhi Baba Wahu alikuwa getini, ila hakuwa na fagio. Alikuwa na mfuko wa nailoni na redio yake kwapani. Alinisalimia kama siku zote, kana kwamba nimetoka safari, kisha akatazama barabarani. "Mwari," akasema, "ure mzee wa hadithi yako."

"Eeh, Baba Wahu."

"Arienda kwa ndugu yake. Wamagana."

"Na alikula?"

"Atakura huko," akasema. Akalifungua geti kwa mkono wake mzima, akalirudishia vizuri nyuma yake kama alivyokuwa amezoea, akashika njia.

Ijumaa ya mazishi nilikwenda Wamagana na Idi. Tumezeeka, yeye ana tumbo, mimi nina miwani. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, mashamba ya chai yakiteremka nyuma ya kaburi. Kariuki, ndugu wa marehemu, alitukaribisha kwa chai na viazi vitamu, akatuambia kwamba kaka yake aliishi naye miaka yote hiyo, akachunga ng'ombe, akanenepa kidogo. "Tabia yake moja tu irinishinda," akasema. "Hiyo redio. Ariweka chini, chini kabisa. Ukitaka habari lazima ukae karibu na yeye." Nilitazama kando. Mama Wahu alikuwepo. Alikuwa ameketi safu ya mwisho, mzee sasa, fimbo mapajani, na hakuna aliyemzuia kuja wala aliyemletea chai.

Waliponiita, jenereta ilikuwa imezimika na vijana walikuwa wakiipiga mateke bila mafanikio. Nikashika maikrofoni iliyokufa. Kwa mazoea tu nikasema, "Naitwa Muthoni, mimi ni wa Nyeri," kisha nikanyamaza, kwa sababu maneno yaliyofuata yalikuwa yamekimbia tena. Wazee hawakusikia. Wakatazamana, mmoja akaweka mkono sikioni, akainuka, akasogeza kiti chake mbele. Wa pili akasogeza, wa tatu, hema zima, viti vikiburutwa kwenye nyasi kuja kwangu mpaka walio mbele wakagusa meza. Nyuma, kwenye nyasi tupu, Mama Wahu akabaki peke yake pale alipokuwa. Nikaiweka maikrofoni chini, nikapaza sauti, ili naye asikie.